Unasubiri Nani Hapo Mtoni?

Mdogo wangu wa Makambako, barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kwa hofu. Umeanza kwa "Dada, nisitiri, hili sijamwambia mtu," nikajua tayari: ama mimba, ama mkopo wa kausha damu. Nikageuza ukurasa huku nimeshika kifua. Kumbe kosa lenyewe ni kwamba kila asubuhi, kabla hujafungua kibanda chako cha mitumba karibu na stendi, unasimama dakika kumi au kumi na tano ukitazama ndege kwenye nyaya za umeme, na siku moja ulilifuata kundi lao hadi kando ya reli ukawapoteza wateja wa asubuhi. Mchumba wako anasema ni uvivu. Mama yako mkubwa anasema si bure, na ameshaanza kuulizia mambo ya ukoo wa baba yako. Unaniuliza: "Dada, nina tatizo gani? Na kama sina, nianzie wapi?"

Tatizo huna. Swali la pili ndilo nitakalokaa nalo, na wengine mnaosoma kona hii sogezeni viti, maana nina hakika huyu siye peke yake. Mimi mwenyewe mwaka wa tisa huu ninaamka kabla ya jogoo wa jirani, nashuka Mto Ruhuji hapa Njombe kutazama ndege, na mwaka wa kwanza wote nilikuwa nimebeba ndoo.

Maji nyumbani yapo, bomba liko uani. Ndoo niliibeba kwa sababu mwanamke mwenye ndoo haulizwi. Akiwa na jembe haulizwi, akiwa na beseni la nguo haulizwi, akiwa na mtoto mgongoni ndiyo kabisa. Lakini simama ukingoni mwa mto saa kumi na mbili asubuhi mikono mitupu, uone. Kila anayepita ana swali, na swali ni lilelile: "Unasubiri nani?" Sikiliza vizuri. Hawaulizi unatazama nini. Mwanamume akisimama pale na ndoana, hata asiponasa kitu siku tatu mfululizo, anaitwa mvuvi na anaagwa kwa heshima. Wewe unaitwa jina ambalo siliandiki hapa.

Siku moja ndoo ilinitoka mkononi ikachukuliwa na maji, mimi nikiwa nimeduwaa namtazama mdiria. Nilirudi nyumbani bila ndoo, bila maji, na gauni limelowa hadi kiunoni. Tangu hapo sibebi. Wakiniuliza nasubiri nani, namtaja ndege ninayemsubiri siku hiyo kwa jina lake. Wengi hucheka na kupita. Wachache husimama nao wakatazama. Ndio hao waliokuja kuwa rafiki zangu.

Sasa tuelewane kuhusu majira, maana hapo wengi mnachanganywa na vitabu. Vuli ya Pwani ni mvua fupi, za kuanzia Oktoba hadi Desemba. Huku kwetu nyanda za juu hatuna vuli ya namna hiyo; mvua yetu ni moja, inaingia Novemba au Desemba na kutuacha Aprili ikielekea Mei. Halafu kamusi zikatuletea vuli nyingine, ya Ulaya, ile ambayo majani yanageuka rangi na kupukutika. Hiyo huanza Septemba. Kwa hiyo kule wenzetu wakianza kuvaa makoti, sisi ndio tunayavua: Oktoba ya Njombe ni vumbi, harufu ya majivu ya nyasi zilizochomwa, mashamba yamelimwa yanasubiri mvua, na jua la mchana linalodanganya watu waache sweta nyumbani. Na ni mwezi huohuo ambapo nyaya zako za Makambako zinajaa. Ulichokuwa unakitazama kila asubuhi, mdogo wangu, ni vuli ya Ulaya ikishukia karibu na stendi yenu.

Ndege uliyemwelezea, mgongo wa buluu iliyokolea, koo la rangi ya matofali, mkia uliogawanyika kama mkasi uliofunguliwa, ni mbayuwayu wa Ulaya. Ana uzito wa gramu 20 hivi. Chukua vijiko vitano vidogo vya sukari, mimina kiganjani, ndiye huyo. Kutoka Ujerumani hadi hapa ni takriban kilomita 7,000, na katikati kuna bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara. Anakuja kula wadudu, basi. Kiota hajengi kwetu. Atataga akirudi kwao, na ataondoka Machi au Aprili. Lakini jambo moja wewe wa mitumba litakupendeza: manyoya yake yaliyochakaa kwa safari anayabadilisha akiwa huku Afrika. Ulaya inatuletea marobota ya nguo kuukuu, na mbayuwayu wake wanakuja kwetu kuvaa mpya.

Usidhani wenye ndege hao walijua siku zote walikokuwa wanakwenda. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliandika kwamba mbayuwayu wakati wa baridi hujizika kwenye matope ya maziwa wakalala hadi joto lirudi. Wasomi, siyo akina mama wakubwa wa Makambako. Kisha mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz huko Ujerumani, akaonekana korongo mweupe mwenye mshale umempenya shingoni, mshale wa urefu wa sentimita 80 hivi, na waliouchunguza wakatambua kuwa umetoka Afrika. Korongo huyo walimuua, wakamkausha, na hadi leo yuko Chuo Kikuu cha Rostock na mshale wake. Ndiye aliyeshuhudia kwamba ndege hawa hawalali matopeni, wanakuja kwetu. Mimi humfikiria zaidi yule mrusha mshale. Alirudi nyumbani siku hiyo bila kitoweo, pengine akachekwa, na hakujua kamwe kwamba ameshinda mjadala wa vyuo vikuu.

Haya, asubuhi yenyewe. Nitakusimulia ya Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, ujue nini hasa hutokea, maana wengine wanadhani ni kama televisheni.

Nilitoka saa kumi na moja na nusu na binti wa kaka yangu, ana miaka 11. Humchukua kwa sababu mbili. Kwanza, wawili ni salama kuliko mmoja, na hili nalisema kwa msisitizo kwenu wasichana: mtoni alfajiri usiende peke yako, na kabla ya siku ya kwanza mpitie mwenyekiti wa mtaa na wenye mashamba ya ukingoni wajue sura yako. Pili, macho yake ni mazuri kuliko yangu na mdomo wake anauweza. Tulivaa sweta mbili mbili. Njombe iko takriban mita 2,000 juu ya bahari, na Oktoba au siyo Oktoba, alfajiri inauma masikio.

Wageni wakija Njombe hupelekwa kwenye maporomoko ya Ruhuji, na ni mazuri, piga picha zako. Kwa ndege hapafai. Maji yananguruma mno, husikii kitu, na kutazama ndege nusu yake ni masikio. Sisi tunayapa mgongo tunapanda juu, pale mto unapokuwa mtulivu, kuna matete upande mmoja na vinyungu, bustani zetu za bondeni, upande mwingine. Tukakaa juu ya gunia. Dakika ishirini za kwanza huwa hakuna kitu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakarudi kulala. Kumbe kuna kitu tangu mwanzo, ila kimenyamaza kwa ajili yako. Ukishatulia vya kutosha mto unakusahau na kuendelea na shughuli zake.

Wa kwanza kuja alikuwa yule mweusi na mweupe wa kwenye mawe, anayetikisa mkia kila hatua utafikiri anapiga mahesabu. Kisha kwarara wawili wakapita juu wakipayuka; hao hata aliyelala kijiji cha pili anajua wamepita. Binti akanifinya mkono: "Shangazi, kile." Sikuona. "Kile cha buluu." Mdiria mdogo, mdomo mwekundu, ametua kwenye tete lililoinama, na tete halikutikisika. Aliruka, akaingia majini, akatoka, akakipigapiga kisamaki kwenye tete mara tatu nne, akameza. Yote kwa muda wa kusema "hebu nipe darubini". Darubini ilibaki kwenye mfuko.

Ng'ambo, fundichuma alikuwa kwenye maji ya kina kifupi, anakoroga tope kwa mguu mmoja kisha mwingine ili vyura watoke. Huyu nimpe aya yake, kwa ajili ya mama yako mkubwa. Ni wa kahawia kote, kichwa kama nyundo, na kiota chake ni jumba: rundo la vijiti na matope juu ya mti, upana hata mita moja na nusu, na mlango wake ni kitundu kidogo tu cha pembeni. Sehemu nyingi za Afrika anaogopwa. Akilia juu ya nyumba, watu hutazamana. Lugha yetu yenyewe ina habari hizi ndani: ndege ni huyu mwenye mbawa, na ndege pia ni ishara, mtu hutoka asubuhi akasema leo nina ndege njema, au ndege mbaya. Kwa hiyo mama yako mkubwa hajazua. Anakusoma kwa kitabu alichorithi.

Na kitabu hicho kina faida usizozijua. Kwa sababu anaogopwa, fundichuma haguswi. Watoto wenye manati wanampiga chozi, wanampiga hua, wakimfikia yeye wanashusha mkono. Ushauri wangu: acha kubishana na mama mkubwa. Mpelekee sukari, kaa jikoni kwake, muulize, "Mama, huyu kwa Kibena anaitwaje?" Kisha yule, kisha mwingine. Andika majina yote kwenye daftari. Sisi tuliosoma tunajua kunguru, njiwa, mwewe na kuku. Wao wanajua majina kwa makumi, nani hulia lini, nani hula mbegu ya ulezi na nani hula panya. Wakiondoka wanaondoka nayo. Nakuhakikishia wiki ya pili ataacha kuulizia ukoo wa baba yako, ataanza kukulaumu kwamba umechelewa kuja.

Palepale mtoni nilipata somo la namna hiyo. Mama mmoja wa makamo alishuka kumwagilia kabichi kwenye kinyungu chake. "Kamwene," nikamwamkia. "Kamwene. Unasubiri nani hapa na mtoto asubuhi hii?" Nikamwambia mbayuwayu. Akaweka ndoo chini, akatazama juu. "Wale wa mkia mrefu hawajafika huku bondeni. Juu kule kwenye nyasi walikuwepo juzi, walikuwa wanapita chini chini, mbele ya ng'ombe." Kisha akanitazama kama mtu anayepima. "Lakini usije ukawaleta watu wa kupanda miti."

Maneno yale yamekaa na mimi wiki nzima, na nitakwambia kwa nini.

Tunao mbayuwayu wa aina nyingi, lakini yuko mmoja ambaye kwetu ni mwenyeji hasa, mbayuwayu buluu. Yeye ni buluu ya chuma kilichosuguliwa, mwili mzima hadi tumboni, na dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani. Wa Ulaya ni mgeni. Huyu ni mzaliwa. Huzaliana kwenye nyasi za milima ya kusini, huku kwetu na Kitulo, na kwenda chini hadi Malawi, Zimbabwe na Afrika Kusini. Ikifika Aprili anaondoka kwenda kwenye nyika za Uganda na magharibi ya Kenya. Kule Kenya watu humfuata kwenye Hifadhi ya Ruma, karibu na Ziwa Victoria. Septemba anarudi. Kwa hiyo Oktoba, juu ya bonde moja, unaweza kuwa na mmoja anayefika ugenini kutoka Ulaya na mwingine anayerejea kwao kutoka Uganda. Duniani wamebaki wachache, na amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Nyumba yake ni shimo la muhanga. Muhanga huchimba usiku akitafuta mchwa, hulihama shimo, na mbayuwayu buluu huingia akabandika kiota cha tope na nyasi kwenye dari ya shimo hilo. Hapo ndipo shida ilipo. Palipo na shimo la muhanga ni nyasi za wazi, na nyasi za wazi machoni mwa watu wengi wa Njombe ni eneo la bure. Tukaingiza miwati, ikaja mikaratusi, ikaja misonobari, ikaja chai, na sasa kila mwenye ekari mbili anaota parachichi. Simlaumu mtu, ada za shule hazilipwi kwa mbayuwayu, na mimi mwenyewe nina misonobari mia tatu. Lakini tumefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba kupanda mti popote ni jambo jema, na hilo si kweli. Uwanda wa nyasi haungojei msitu. Ndivyo ulivyo, una wenyewe. Ule wa Kitulo ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, zaidi ya kilomita za mraba 400, kwa ajili ya maua yake kwanza, na wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Ukipanda misonobari pale umeharibu. Na ukingoni mwa mto sheria iko wazi tangu 2004, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira: mita 60 kutoka ukingoni hakuna shughuli ya kuharibu. Ninajua vinyungu viko ndani ya mita hizo, na ninajua vinawalisha watu kiangazi chote. Yule mama anajua kuliko mimi. Ndiyo maana aliogopa nisiwalete watu.

Sasa niungame na mimi. Miaka miwili nzima niliwaambia watu kwamba nimewaona mbayuwayu buluu Ruhuji. Niliandika kwenye daftari, na tarehe, na idadi: leo wanne, leo saba. Nilitamba. Kisha siku moja mgeni mmoja mwenye uzoefu akakaa nami, wakapita, nikamnyooshea kidole kwa majivuno. Akatazama akanyamaza, kisha akaniuliza kwa upole: "Hiyo buluu umeiona wapi?" Nikatazama tena. Walikuwa weusi tii. Kuna mbayuwayu mwingine wa huku, mweusi kote, mkia panda, hutoboa kiota kwenye kingo za udongo, na ni wa kawaida kabisa. Nilikuwa nimeona buluu kwa sababu niliitaka. Nilikaa jioni nzima nikifuta miaka miwili kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo ukianza daftari lako, andika rangi, andika ukubwa ukilinganisha na shomoro au njiwa, andika alikuwa anafanya nini; jina acha nafasi. Jina litakuja.

Jumamosi ile, saa mbili kasorobo, jua liliposhika maji na wadudu wakaanza kupanda, mbayuwayu wa Ulaya walikuja. Binti alihesabu 31, mimi 28. Tuliandika namba zote mbili. Walikunywa maji wakiruka, midomo inachana uso wa mto kama sindano. Tulipanda baadaye hadi kwenye nyasi alikosema yule mama. Ng'ombe walikuwepo. Shimo moja la muhanga tulilikuta, na mlangoni pamejaa utando wa buibui. Mbayuwayu buluu hatukumwona.

Tulichokipata badala yake ni kindege cha kahawia kisichotazamika mara mbili, kwenye kichaka, kinakoroma kama mtu anayekwangua sufuria. Aina hizo za ndege wa nyasi zinafanana mno, na watu wenye akili zao wamekata tamaa nazo. Aliyezipanga alikuwa Hubert Lynes, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, yuleyule aliyeongoza mashambulizi ya bandari ya Ostend mwaka 1918. Vita vilipokwisha akatumia miaka yake kuzunguka Afrika akitenganisha vindege vya kahawia. Na mwaka 1933 mmoja wao alimpa jina hili la kisayansi: Cisticola njombe. Mji wetu, umeandikwa kwenye vitabu vya dunia nzima nyuma ya jina la kindege kinachokwangua sufuria. Nimewauliza walimu watatu hapa mjini kama wanajua. Hakuna aliyejua. Kama tuliyemsikia ndiye, sina uhakika, nimeshakuambia yaliyonipata. Nimeacha nafasi.

Kuanzia, basi. Hulazimiki kuja Njombe. Makambako yako inatosha mwaka wa kwanza. Tembea chini ya makalavati ya barabara ya Songea na chini ya paa za majengo ya zamani, utaona viota vya tope. Wanaojenga pale ni mbayuwayu wetu wa michirizi, siyo wa Ulaya. Kaa karibu na reli ya TAZARA, ambayo tangu 1976 imekuwa ikiwapa ndege nguzo na waya bila kuombwa. Yule mkubwa mwenye mkia wa rangi ya kutu anayekaa juu ya nguzo, ambaye wote wanamwita mwewe na kumrushia mawe kwa sababu ya vifaranga, mwangalie anachobeba. Mara nyingi ni panya. Darubini isikutese, subiri, wewe uko kwenye mitumba, siku moja itatokea kwenye robota na utainunua kwa bei ya begi. Daftari la shilingi mia chache linatosha. Ukiwa na simu nzuri, programu ya eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ni ya bure, na unachoandika kinasomwa na watafiti. Usiidharau kazi hiyo. Maji haya ya Ruhuji yanashuka hadi Kilombero, na huko Kilombero mwaka 1990 ndipo alipotambulishwa kwa wanasayansi ndege wa jamii ya kwera ambaye hakuwa kwenye kitabu chochote. Walioandika habari zake ni Neil na Liz Baker, wale waliokusanya taarifa za ndege wa Tanzania nzima kwa miongo kadhaa, nyingi kutoka kwa watu wa kawaida wenye daftari.

Mchumba. Nimemwacha mwisho kwa makusudi. Mwalike mara moja. Mwambie aje asubuhi, usimhubirie, mpe chai ya tangawizi na asimame na wewe hizo dakika kumi. Akichoka akasema mimi hapana, hiyo ni sawa; mume wangu hajawahi kufika mtoni hata siku moja, ila nikirudi uji uko mezani na huuliza, "Leo wangapi?" Lakini akikasirika kwa sababu kuna robo saa ya siku yako ambayo yeye hajui iko wapi, hapo usiniandikie tena kuhusu ndege. Niandikie kuhusu huyo mwanamume, kabla ya mahari.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba tutakuwa tena juu kwenye nyasi, mimi na binti. Panda kosta ya kwanza, ni kama kilomita 60 tu. Njoo na sweta mbili, na uniletee majina kumi ya Kibena kutoka kwa mama mkubwa. Ndoo acha nyumbani.